Emajensi isiyojua kilo za mtoto haijajiandaa

Ukianza kuongelea huduma ya dharura kwa watoto, watu wengi akili inaenda moja kwa moja kwenye hospitali kubwa ya watoto yenye mabingwa na kuta zilizochorwa wanyama. Sasa mtoto akishikwa na degedege saa nane usiku hapelekwi huko jamani, anapelekwa hospitali yoyote iliyo karibu. Hata Marekani, pamoja na hospitali zote za watoto walizonazo, zaidi ya asilimia 80 ya watoto wanaofika emajensi wanahudumiwa kwenye hospitali za kawaida zinazopokea kila rika. Kwa hiyo mimi naona hii hadithi ya kusubiri hospitali mpya ya watoto ijengwe inatupotezea muda, tuangalie kwanza hii emajensi ya kawaida, ambayo siku nzima inahudumia watu wazima halafu ghafla analetwa mtoto wa miezi saba anapumua kwa shida.

Tuanze na uzito, maana hapo ndo mambo mengi yanapoharibikia. Mtu mzima dawa nyingi dozi yake inajulikana, lakini kwa mtoto karibu kila kitu kinapigiwa hesabu kwa kilo, kuanzia dawa ya kuzuia degedege mpaka maji ya dripu, na hiyo hesabu inapigwa mama analia pembeni na mtu mwingine anahangaika kutafuta mshipa. Mizani inayosoma paundi ni hatari kabisa. Mtoto wa paundi 20 ana kilo 9 tu, sasa mtu akiandika 20 kwenye sehemu ya kilo huyo mtoto anapewa dozi zaidi ya mara mbili ya inayotakiwa, na hakuna atakayeshtuka kwa sababu 20 ni namba ya kawaida tu. Ndo maana miongozo inasisitiza mizani ya watoto isome kilo peke yake na fomu iandikwe kilo peke yake. Kama hali ni mbaya huwezi kumweka kwenye mizani, kuna ule mkanda wa rangi unaomlaza mtoto pembeni yake unapima urefu, rangi anapoishia inakupa makadirio ya uzito, dozi na saizi ya mirija. Ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na mashine zingine za hospitali, ila kikifungiwa kwenye kabati la ofisi na mwenye funguo yuko nyumbani, ni sawa na hakipo.

Halafu mtoto anadanganya, yaani mwili wake ndo unadanganya. Mtoto aliyepoteza maji au damu nyingi presha yake inaweza kubaki nzuri tu muda mrefu kwa sababu moyo unakimbia na mishipa inajibana, mpaka ukiona presha imeshuka ujue umeshachelewa sana. Na damu yenyewe ni kidogo, mtoto wa kilo 5 ana kama mililita 400 tu mwili mzima, haifiki nusu lita. Kwa hiyo nesi wa mapokezi lazima awe amefundishwa kumfunua nguo mtoto aangalie kama kifua kinabonyea chini ya mbavu, ahesabu pumzi dakika nzima bila kukisia, aguse miguu kama ina baridi. Na mama akisema mtoto wangu leo siyo wa kawaida, hiyo ichukuliwe kama kipimo, isipuuzwe.

Kwamba maandalizi yanaokoa watoto siyo maneno matupu. Malawi, pale Blantyre kwenye hospitali ya Queen Elizabeth, walipanga upya mapokezi ya watoto na kufundisha wafanyakazi kuchambua nani aonwe kwanza na kumtibu palepale, na vifo vya watoto waliolazwa vilivyokuwa kati ya asilimia 10 na 18 vikashuka hadi kati ya 6 na 8. Walibadilisha utaratibu, hawakujenga jumba la kifahari. Marekani nako utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha watoto mahututi kwenye emajensi zilizojiandaa zaidi walikuwa na hatari ya kufa takriban robo tu ya ile ya zilizojiandaa kidogo. Lakini hao hao Marekani walipojipima mwaka 2013 emajensi zao zimejiandaa kiasi gani kwa watoto, alama ya kati ilikuwa 69 kwa 100, wakajipima tena 2021 wakakuta karibu palepale. Miaka minane na pesa zote zile! Kwa hiyo pesa peke yake haitoshi.

Mimi naamini kinachokosekana zaidi ni mwenyewe, yaani mtu wa kulibeba hili jukumu. Kila emajensi inatakiwa iwe na daktari mmoja na nesi mmoja ambao watoto ndo jukumu lao, siyo kwamba watibu kila mtoto, hapana, bali wao ndo wanaohakikisha barakoa ndogo za oksijeni zipo na hazijaisha muda, wanaendesha mazoezi ya mtoto aliyezimia, wanakaa na timu baada ya kila kesi mbaya wanauliza nini kilikwama, na wana namba ya hospitali ya rufaa pamoja na makubaliano yaliyoandikwa kabisa nani anampokea mtoto na anasafirishwaje. Kwenye tathmini za huko Marekani hospitali zenye watu hao ndo zimekuwa zinapata alama za juu.

Ila mnisikilize wakubwa wa hospitali, msimpe mtu hicho cheo kwa barua tu halafu zamu zake zibaki zilezile. Mpeni saa zake kwenye ratiba, mpeni bajeti hata ndogo, na mazoezi yafanyike usiku pia, na timu ileile ya usiku, siyo kila mara mchana wakati mabingwa wote wapo.