Mbuzi Wangu Warefu

Mimi na koleo hatupendani. Ndiyo maana niliposikia kwamba banda la mbuzi si lazima ulizoe kila siku, ukiona chini pamelowa unamwaga maranda makavu juu yake, yanaoza polepole na mwisho unazoa mara moja ikiwa mbolea tayari, nikaona haya ndiyo maarifa niliyokuwa nayasubiri tangu nizaliwe. Hapa Ipuli, Tabora, maranda ya mninga kwa mafundi seremala hayana shida. Nikamwaga. Harufu ya mkojo ikinyanyuka, namwaga tena.

Miezi minane. Kwato zikakauka, mbuzi wakanawiri na, hili ndilo lililonivimbisha kichwa, wakarefuka. Mwanzoni ukuta wa tofali uliwaficha mpaka masikio. Sasa mgongo wa beberu ulionekana kutoka barabarani. Nikatamba kijiweni kwamba siri ni matunzo. Mimi mwenyewe nilishagonga kichwa kwenye boriti mara mbili humo bandani, nikalaumu boriti.

Akaja jamaa anatafuta beberu wa ndafu. Akasimama nje ya ukuta, akatazama juu, akaguna.

"Kaka, huyu si mbuzi, huyu ndama."

Nikamtajia laki tatu bila kupepesa. Tukashushana mpaka laki mbili na themanini, akaanza kuhesabu noti, mate kidoleni.

Beberu akapiga hatua. Sisemi aliruka, alivuka ukuta kama mtu anayevuka kizingiti, akashuka, moja kwa moja hadi kwenye mkeka wa mama mkwe, palipoanikwa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha. Wenzake watano wakamfuata, mmoja mmoja, kama abiria wanaoshuka kwenye treni.

Jamaa akamtazama beberu, ambaye sasa alimfika mapajani. Akatazama banda.

"Na yule mkubwa yuko wapi?"

Noti zikarudi mfukoni. Nikaingia bandani na ufito, nikauchomeka kwenye maranda. Ukazama mpaka nusu ya urefu wa ukuta, na nilipouchomoa ncha yake ilikuwa ya moto, inafuka mvuke.

Nilizoa siku nne. Chini kabisa, peusi tii, nikakuta kandambili niliyomsingizia shemeji kuwa kaiba. Mama mkwe alikaa chini ya mwembe akichambua matobolwa yaliyosalimika na kuhesabu matoroli, maana yote, alishaamua, yaende kwenye matuta yake ya viazi.

"Mkwe wangu," akaniita, "hilo la mwisho halijajaa."