Mkongwe akiondoka, usihesabu mabao peke yake

Real Madrid ilimaliza msimu wa 2017/18 ikiwa na mabao 94 kwenye ligi ya Hispania. Kati ya hayo, 26 yalikuwa ya Cristiano Ronaldo. Julai 2018 akauzwa Juventus, na msimu uliofuata Madrid ikafunga mabao 63. Ukitoa 26 kwenye 94 unabaki na 68, kwa hiyo kuna mabao mengine matano yaliyoyeyuka ambayo Ronaldo hakuwahi kuyafunga. Tena hapo Karim Benzema alikuwa ametoka kwenye mabao matano ya ligi hadi 21. Mtu mmoja kapanda kwa mabao 16, na bado timu nzima ikashuka kwa 31.

Hesabu hiyo inasumbua pande zote mbili za ubishi unaozuka kila dirisha la usajili linapokaribia. Kuna wanaosema wakongwe waondoke: wanakula mshahara mkubwa, hawakabi tena, na vijana wanaozeea benchi wakisubiri zamu. Na kuna wanaosema waachwe, kwa sababu penye wazee haliharibiki neno, na mtu wa mabao 20 kwa msimu haokotwi. Wote wana ushahidi. Tatizo ni kwamba wote wanatazama jedwali la wafungaji, ilhali mkongwe anapoondoka huondoka na kazi nyingi ambazo hazina safu kwenye jedwali hilo.

Ni kazi gani hizo? Mshambuliaji anayeogopwa huwavuta mabeki wawili, na mwenzake anapokea mpira akiwa huru upande wa pili. Anajua krosi ya beki wake wa pembeni itadondoka wapi kabla haijapigwa, kwa kuwa wamecheza pamoja miaka minane au tisa. Anapiga penalti. Timu ikiwa imebanwa, mpira mrefu ukitupwa mbele unajua utakaa. Haya yote yanatoka mlangoni siku moja, na klabu inabaki inatafuta mtu wa kuvaa jezi. Madrid jezi namba 7 ya Ronaldo ilimpa Mariano Díaz. Alimaliza msimu ule na mabao matatu ya ligi. Jezi ilipata mtu, kazi haikupata.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia zaidi. Madrid ilitwaa ubingwa wa 2019/20 kwa mabao 70 tu ya kufunga, lakini ilifungwa 25. Sergio Ramos, beki, alifunga 11, akisaidiwa na penalti. Maana yake kocha Zinédine Zidane, aliyekuwa amerudi Machi 2019, hakujenga upya ushambuliaji wa zamani hata kidogo. Alibadili namna ya kushinda. Wanaodai klabu ilikosea kumuuza Ronaldo wana msimu mmoja mbaya sana wa kuuonyesha: kufungwa 3-0 na CSKA Moscow nyumbani, kisha 4-1 na Ajax hapohapo nyumbani. Wanaodai ilipatia wana ubingwa, na wana Benzema aliyekuja kutwaa tuzo ya Ballon d'Or 2022 baada ya miaka mingi ya kumtengenezea mwenzake njia. Binafsi naona wote wako sahihi, ila wanazungumzia misimu tofauti.

Mfano unaofundisha kuliko yote, kwa maoni yangu, ni Bayern Munich, kwa sababu klabu hiyohiyo imeachana na wakongwe kwa njia mbili ndani ya miaka mitatu.

Mara ya kwanza ilikuwa 2019. Franck Ribéry alikuwa na miaka 36, Arjen Robben 35. Siku yao ya mwisho ya ligi, Bayern ikiifunga Eintracht Frankfurt 5-1, wote wawili waliingia na wote wakafunga. Ilikuwa sherehe, lakini urithi ulishagawanywa zamani. Kingsley Coman alikuwa ameletwa 2015 akiwa na miaka 19. Serge Gnabry alisajiliwa 2017, akapelekwa Hoffenheim kwa mkopo mwaka mmoja, akarudi, na msimu ule wa kuagana alikuwa tayari amefunga mabao 10 ya ligi. Wazee wakiondoka, hakuna aliyelazimika kujifunza njia upya. Msimu uliofuata Bayern ikafunga mabao 100 kwenye ligi na kutwaa mataji matatu, bao pekee la fainali ya Ulaya dhidi ya PSG likiwa la Coman. Kusema kweli haikuwa mteremko: kocha Niko Kovač aliondoka Novemba baada ya kuchapwa 5-1 na Frankfurt ileile, na Hansi Flick ndiye aliyewasha moto. Lakini vijana aliowakuta walishaiva.

Mara ya pili ilikuwa 2022, Robert Lewandowski alipokwenda Barcelona. Alikuwa amefunga 35 kati ya mabao 97 ya Bayern kwenye ligi. Badala ya kutafuta namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati, klabu ikamchukua Sadio Mané na kuamua mabao yagawanywe kwa wote. Ukisoma jumla peke yake, mpango ulifaulu: mabao 92, pungufu matano tu, ingawa mfungaji wa 35 hakuwepo. Ungekuwa mkurugenzi wa michezo ungelala usingizi.

Sasa tazama mechi moja moja. Bayern ilianza kwa kuifunga Frankfurt 6-1, kisha Wolfsburg 2-0, kisha Bochum 7-0. Mabao 15 katika mechi tatu, na watu wakaanza kuuliza kama Lewandowski alikuwa anahitajika kweli. Halafu ikaja Borussia Mönchengladbach. Kipa Yann Sommer aliokoa mashuti 19, mechi ikaisha 1-1. Ikafuata sare ya 1-1 na Union Berlin, sare ya 2-2 na Stuttgart, na kipigo cha 1-0 kutoka kwa Augsburg. Mechi nne, pointi tatu.

Unaona tatizo liko wapi? Timu ya mabao ya kugawana hufunga kwa mafungu siku mambo yakinyooka, mabeki wakiachia nafasi na kila mtu akipata zamu yake. Siku mpinzani akirudi nyuma wachezaji kumi na kipa akiwa na siku yake, anahitajika yule mmoja ambaye shuti la ishirini litamwangukia mguuni naye halipotezi. Bao la saba dhidi ya Bochum na bao la pili ambalo halikuja dhidi ya Union yana uzito sawa kwenye jumla, lakini pointi haziyahesabu hivyo. Bayern ilitwaa ubingwa ule kwa tofauti ya mabao, siku ya mwisho, baada ya Dortmund kutoka sare ya 2-2 na Mainz na Jamal Musiala kufunga dakika ya 89 kule Köln. Mané akauzwa baada ya msimu mmoja, na klabu ikaenda kumnunua Harry Kane. Hiyo ya Kane nadhani ndiyo kauli ya wazi kuliko uchambuzi wowote.

Lakini kabla hujahitimisha kwamba kila timu lazima iwe na mmaliziaji, kuna Manchester City. Sergio Agüero aliondoka 2021 akiwa na mabao 260, mengi kuliko mchezaji yeyote wa klabu hiyo. City ilimtaka Kane, ikamkosa, ikacheza msimu mzima bila mshambuliaji wa kati wa asili. Ikafunga mabao 99 ya ligi, kinara wake akiwa kiungo Kevin De Bruyne kwa mabao 15, na ikawa bingwa. Tofauti na Bayern ni nini? Majeraha yalikuwa yamemweka Agüero nje sehemu kubwa ya msimu wake wa mwisho, akafunga mabao manne tu ya ligi. City ilichukua ubingwa wa 2020/21 karibu bila yeye. Ilifanya mazoezi ya kuachana naye angali kwenye orodha ya mishahara, jambo ambalo si klabu nyingi zinabahatika kulipata, tena kwa bahati mbaya ya mwenyewe. Alipokuja Erling Haaland 2022 na kufunga 36, jumla ya timu ilishuka hadi 94. Ndio msimu ambao City ilichukua mataji matatu.

Upande wa wanaotetea wakongwe huwa unamtaja Luis Suárez, na una haki. Barcelona ilimwachia mwaka 2020 akiwa na miaka 33, wiki chache baada ya kufungwa 8-2 na Bayern. Akaenda Atlético Madrid, akafunga mabao 21 kati ya 67 ya timu yake, likiwemo la ushindi siku ya mwisho pale Valladolid lililoleta ubingwa. Ila kuna kitu kinachosahaulika hapo: Barcelona msimu ule ilifunga mabao 85, mengi kuliko timu yoyote ya ligi. Safu yake ya mbele haikufa kwa kumkosa Suárez. Kosa lilikuwa kumkabidhi kwa mpinzani wa karibu. Kuachana na mkongwe na kumpeleka kwa jirani unayegombea naye taji ni maamuzi mawili tofauti, na la pili ndilo lililogharimu.

Arsenal nayo ina somo, hasa kuhusu muda. Ilimwachia Pierre-Emerick Aubameyang mwishoni mwa dirisha la Januari 2022 kwa sababu za nidhamu, na haikusajili mshambuliaji. Mwishoni mwa msimu ilifungwa 3-0 na Tottenham na 2-0 na Newcastle, ikakosa nafasi ya nne kwa pointi mbili. Msimu uliofuata, ikiwa na Gabriel Jesus na vijana wanaojua sasa timu ni yao, ilipanda kutoka mabao 61 hadi 88. Uamuzi ulikuwa sahihi. Tarehe ndiyo iliyokuwa mbovu. Ningekuwa mimi ningemvumilia hadi Mei, ingawa naelewa kocha aliyechoka na mtu anayechelewa hapimi mambo hivyo.

Liverpool nitaipitia haraka. Baada ya kumuuza Mané ilishuka kutoka mabao 94 hadi 75, na wengi wakamtupia lawama Darwin Núñez. Mimi naona kiungo ndicho kilichokuwa kimechoka, mipira haikuwa ikirudishwa mapema kule juu, na klabu yenyewe ilikiri kwa vitendo ilipobadili karibu kiungo chote 2023. Safu ya mbele mara nyingi huhukumiwa kwa makosa ya waliokaa nyuma yake.

Kwa hiyo mimi nimesimama upande wa kuachana na wakongwe mapema, kwa sharti moja gumu: mrithi awe ameshacheza dakika nyingi mwenye kiti angali amekikalia. Vijana wa mazoezini hawahesabiki, na usajili wa wiki ya mwisho ya Agosti hauhesabiki. Sharti likikosekana, bora mkongwe abaki mwaka mmoja zaidi kwa dakika pungufu, hata kama mshahara unauma.

Na hata likitimia, muda bado unatakiwa. PSG ilimpoteza Kylian Mbappé 2024, ambaye kwa miaka 25 hakuwa mkongwe, lakini alikuwa na mabao 27 ya ligi na timu nzima ilizoea kumtafuta. Januari 2025 ilikuwa na pointi saba katika mechi sita za Ulaya, na City ikaongoza 2-0 mjini Paris. Ousmane Dembélé, ambaye kocha Luis Enrique alikuwa amemwacha kabisa kwenye safari ya Arsenal mwezi Oktoba na mwezi Desemba akaanza kumsogeza katikati, alifunga la kwanza la kurudi. Mechi ikaisha 4-2, na Mei 31 PSG ikaifunga Inter 5-0 kwenye fainali, mabao mawili yakiwa ya Désiré Doué wa miaka 19. Madrid 2018 kocha Julen Lopetegui alipewa muda hadi Oktoba 29 tu, akafukuzwa.