Mizani ya ami

Hukumu ya kwanza ilitoka kwa mkwe wangu: "Gari hili lina mtu."

Tulikuwa Pemba, tunateremka Mtambile, twenda Mkoani kuwahi boti, mwendo 70, tairi la kushoto likapiga shimo. Usukani wa gari langu, Suzuki Jimny, ukaanza kucheza kulia na kushoto kama aliyepandwa na pepo wa kibuki. Mkwe akashika Ayatul Kursiy. Tulipofika 40, mtikisiko ukakatika ghafla. Yeye alijua ni dua, mimi nilijua ni mguu wangu umetoka kwenye mafuta. Sikubishana, mkwe habishiwi.

Tairi lisilo balansi hutetemesha usukani kila ukifika kasi yake, hata barabara iwe laini kama mkeka. Hili langu lilikuwa linangoja kipigo, na likianza haliachi mpaka upunguze mwendo. Hapo ujue kuna kitu kimelegea mbele. Na ekseli ya mbele ya Jimny ni mti mmoja: tairi la kushoto likicheza, la kulia linaitikia.

Nilijua yote hayo, na bado nikaanza na balansi, kwa kuwa ndiyo rahisi. Upepo pauni 23 mbele, 26 nyuma. Tairi za nyuma nikazileta mbele. Wapi! Nikafunga shokapu mpya ya usukani, wiki mbili raha mustarehe. Shokapu ile haiponyi, inasitiri tu. Wiki ya tatu, pale Ole, kibuki kikarudi na wenzake.

Fundi wa Wete akapiga jeki, akashika tairi juu na chini, akalisukasuka. Linacheza.

"Kanyaga breki, yakhe."

Nikakanyaga. Bado linacheza. Ingekuwa beringi za tairi, breki ingelikamata likatulia. Kwa hivyo ubovu uko kwenye kingpini, pale inapozungukia nako, kile chuma kinachobeba tairi na kugeuka nalo. Tukafungua. Beringi ni nne, mbili kila upande, na vikombe vyake vilikuwa vimechimbika vishimo: usukani ukinyooka, beringi zinatumbukia kama kete kwenye bao.

Tukatia mpya, na grisi tele. Ikabaki mkazo. Ukikaza mno, usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Ukilegeza, umerudi kwa kibuki. Hupimwa kabla ya kurudisha sili na tairodi, ile fimbo ya usukani: unatundika mizani ya ndoano kwenye tundu la tairodi, unavuta kwa pembe mraba, na nako inapoanza kusogea mizani isome kati ya kilo 1 na 1.8. Ikipungua, unakaza kwa kutoa washa (kibati chembamba) ya kingpini, ya milimita 0.1, unapima tena.

Gereji haina mizani. Ami yangu anauza samaki sokoni, nikamwazima yake. Tukavuta, ikasoma 1.1 kila upande.

"Imo," akasema fundi. Tukafunga kila kitu, mikono inanuka changu.

Kesho yake, Ole, palepale. Kibuki.

Fundi akaitazama ile mizani kwa jicho la mtu aliyewahi kununua samaki. Akajaza maji chupa ya lita moja, akaitundika. Lita ya maji ni kilo moja, Pemba na kwengineko. Mizani ya ami ikasema kilo na robo.

Kumbe tulikuwa tumevuta gramu 850 hivi. Tukafungua upya, tukatoa washa moja moja mpaka mizani ikasoma 1.75, yaani moja na nusu ya haki. Sasa natembea 80 mashimoni na usukani nauongoza kwa vidole viwili.

Nikairudisha sokoni.

"Imekufaa?" ami akauliza.

"Imenifaa, ami. Ila na yenyewe imelegea. Robo kilo."

Akatazama huku na huku, akamwona mkwe wangu anakuja na kapu lake. Akanifungia changu wawili, wakubwa, bila ya kupima.