Betri ya Sola Ikifa, Mwenyewe Ni Nani?

Kila betri inayouzwa leo pamoja na paneli ya sola itakufa. Betri ya madini ya risasi iliyotunzwa vizuri huweza kufika miaka mitano; isiyotunzwa haimalizi miwili. Huku Pwani hali ni mbaya zaidi kwa sababu ya joto: kanuni wanayoitumia mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya nyuzi 25 za Selsiasi hukata uhai wa betri hiyo kwa nusu hivi. Kisha kuna umaskini. Mtu wa Kwale au Pangani asiyeweza kumudu betri ya sola yenyewe hununua ya gari, iliyoundwa kusukuma injini kwa sekunde chache, si kutoa umeme kidogo kidogo usiku kucha. Ikiishiwa chaji kabisa mara kadhaa, basi, imekwisha. Ikishakufa, ni mali ya nani, na ni mzigo wa nani?

Wengi katika biashara ya sola wangependa swali hilo lisubiri, na hoja yao si ya kupuuzwa. Kusini mwa Sahara watu wapatao milioni 600 bado hawana umeme nyumbani. Wasipopata sola wanarudi kwenye koroboi. Koroboi ikipinduka mkekani, nyumba ya makuti haina dakika nyingi. Mafuta ya taa hukaa kwenye chupa ya soda, na mtoto wa miaka miwili akiiona chupa anajua soda inanywewaje. Moshi wake anauvuta mwanafunzi aliyeinamia daftari, jioni baada ya jioni. Anayesema kwamba kila shilingi inayoongezwa kwenye bei ya sola inawaacha watu fulani na koroboi anasema kweli, na kweli hiyo hupimwa kwa uhai wa watu. Serikali ya Kenya iliondoa msamaha wa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwa vifaa vya sola mwaka 2020, na mwaka uliofuata ikaurudisha.

Tena sekta hii imefanya uvumbuzi unaostahili heshima. Kampuni ya M-KOPA walipoanza kuuza vifaa vya sola Kenya mwaka 2012, mteja alitoa malipo ya awali kisha akalipa kidogo kidogo kwa simu. Ndani ya kifaa mliwekwa laini ya simu. Malipo yakikatika, kifaa kinazimwa kutoka mbali. Wapo wanaoiona kufuli hiyo kuwa ni ukatili, kumzimia mtu taa usiku kwa deni dogo. Mimi naona kwamba bila kufuli hiyo hakuna ambaye angemkopesha mama asiye na hati ya shamba wala karatasi ya mshahara. Lakini kufuli hiyo inathibitisha pia jambo jingine ambalo wenye kampuni hawalitaji sana, nami nitalifikia.

Kwanza twende Owino Uhuru, mtaa wa watu wenye kipato kidogo katika Kaunti ya Mombasa. Mwaka 2007 hivi kilifunguliwa hapo, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata risasi ya kuuza nje ya nchi. Moshi ulishuka kwenye paa na kwenye nguo zilizoanikwa, na maji yenye tindikali yalitiririka kwenye vijito ambavyo watu walivitumia. Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda hicho, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ikawa kushughulikia tathmini ya athari kwa mazingira. Wataalamu aliofanya nao kazi wakaona hatari, ripoti ikapendekeza kiwanda kihamishwe, naye akapangiwa kazi nyingine. Muda si muda mwanawe mchanga akaugua. Alipopimwa damu ilikutwa na risasi, ambayo ilimfikia kupitia maziwa ya mama. Omido aliacha kazi akaanza kupambana. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia hiyo. Hesabu mwenyewe: kati ya kufungwa kwa kiwanda na uamuzi huo wa mwisho, mtoto aliyezaliwa mtaani humo alikuwa amefika darasa la nne au la tano.

Nakiri kwamba betri nyingi zilizoyeyushwa pale zilitoka kwenye magari. Mwili wa binadamu hauulizi risasi imetoka wapi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Inachokiharibu ni ubongo unaokua, na hakuna dawa ya kuurudisha.

Kisa hicho kinawasumbua watu wa pande zote mbili, ndiyo maana nakiona muhimu kuliko takwimu za nyumba zilizowashwa. Upande wa tahadhari una jibu jepesi: rasimisheni uchakataji, toeni leseni, wafukuzeni wa jua kali. Lakini kiwanda cha Owino Uhuru hakikuwa cha uchochoroni. Kilikuwa kampuni iliyosajiliwa, chini ya mpango rasmi wa viwanda vya mauzo ya nje, na mahakama iliwawajibisha wenye kiwanda pamoja na taasisi za serikali zilizopaswa kuwalinda wakazi, ikiwemo NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa. Leseni ilikuwepo, na watoto wakaugua.

Upande wa biashara nao una jibu jepesi: betri ya risasi haitupwi, soko lenyewe litaikusanya kwa sababu ina thamani. Ni kweli inakusanywa. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na mnunuzi wa skrepa hupita mlango kwa mlango. Shida ni kinachofuata. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu; jiko la makaa na sufuria kuukuu vinatosha. Asidi humwagwa chini, sahani za risasi za ndani huvunjwa kwa nyundo, na vumbi hubaki uani ambako watoto hucheza. Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar, kilikuwa na kazi ya aina hiyo, watu wakichekecha mchanga wenye mabaki ya betri za magari. Kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 watoto 18 walikufa huko. Soko lilikuwa limeikusanya risasi vizuri kabisa.

Mafundi vijana huniambia kwamba haya ni mambo ya jana, kwa kuwa sasa lithiamu imeingia. Kuna ukweli hapo pia. Betri za lithiamu za fosfeti ya chuma, ambazo vifaa vingi vipya vya sola vinazitumia, hazina risasi, hudumu miaka mingi zaidi, na hazishiki moto kirahisi kama ndugu zao zenye kobalti na nikeli. Ila tatizo limegeuka upande wa pili. Mnunuzi wa skrepa haitaki, kwa sababu hakuna cha thamani anachoweza kukitoa kwa jiko na nyundo. Kwa hiyo inatupwa, au inafunguliwa na kijana anayeunganisha seli zilizochoka na mpya bila kifaa cha kuzilinda dhidi ya chaji kupita kiasi. Seli ya aina hiyo ikichemka chumbani mwa mtu, hakuna aliyewahi kumwambia la kufanya.

Sasa turudi kwenye ile kufuli. Kampuni iliyoweka laini ya simu ndani ya kifaa inajua kifaa kiko wapi, kinachaji kiasi gani, na mteja amechelewa kulipa tangu lini. Laini hiyohiyo inaweza kuijulisha kampuni kwamba betri haishiki chaji tena, ikamtuma wakala aende kuichukua. Uwezo wa kiufundi upo. Umeelekezwa kwenye deni. Hapo ndipo maadili ya uhandisi yanapopimwa, kwa maana mhandisi aliyeamua kifaa kiripoti nini alikuwa akiamua pia nani atalindwa. Kifaa kinachoweza kuizimia nyumba nzima taa kwa sababu ya malipo ya siku moja, lakini hakiwezi kutoa taarifa kwamba kina sumu inayosubiri kutupwa, kimeundwa nusu. Vivyo hivyo, kifaa kilichofungwa kwa deni huku betri yake ikiwa bado nzima kinageuka taka kabla ya wakati wake, na hakuna anayeiandika taka hiyo kwenye taarifa ya mwaka.

Watetezi wa sekta wana majibu, nami nayapa nafasi. Vifaa vingi vya bei ya chini havina laini ya simu. Mteja anaingiza namba za siri kwa vibonye, kwa hiyo kampuni haioni chochote. Kumtuma wakala Lodwar au Sumbawanga kuchukua betri moja kunagharimu kuliko betri yenyewe. Na kampuni zenyewe hufa: Mobisol ya Ujerumani, iliyokuwa na wateja Tanzania, Rwanda na Kenya, ilifilisika mwaka 2019 kabla ya kununuliwa na Engie, kampuni ya nishati ya Ufaransa. Mobisol ilipata mnunuzi. Isiyopata, betri zake atazichukua nani? Hoja hii ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, na inaonyesha kwa nini ahadi ya kampuni mojamoja haitoshi, hata ikiwa ya dhati.

Kuna mfano mmoja jirani unaonishawishi. Ampersand, iliyoanzia Kigali, humpa dereva wa bodaboda ya umeme betri iliyojaa kwenye kituo na kuichukua iliyoisha. Betri haiwi mali ya dereva hata siku moja. Kwa kuwa ni mali ya kampuni, kampuni ina kila sababu ya kujua afya yake na kuirudisha nyumbani. Dereva naye anabaki akimtegemea mtu mmoja kwa nishati yake yote, na hilo si dogo. Tena mpango huo unafaa mjini penye vituo; mfugaji wa Simanjiro hawezi kubadilishiwa betri kila jioni.

Kenya sasa ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayompa mzalishaji wajibu juu ya bidhaa yake hadi mwisho wa uhai wake. Naiunga mkono, ila inamnasa kwanza yule anayeonekana: kampuni yenye jina, ofisi na wakala. Haimfikii kirahisi muuza duka wa Kongowea anayeuza betri ya gari taslimu kwa mtu ambaye hatamwona tena. Kwake yeye naona dawa ni amana. Katika majimbo mengi ya Marekani anayenunua betri ya gari hulipa amana anayorudishiwa akileta ya zamani, na betri nyingi mno hurudi. Amana hiyo hapa kwetu ikusanywe bandarini na kwenye malango ya viwanda vya ndani, kwa kilo ya risasi, iingie kwenye mfuko ambao hautakufa pamoja na kampuni yoyote. Bei ya sola itapanda kidogo. Ndiyo, naikubali gharama hiyo, mradi anayerudisha betri apokee fedha yake mkononi, kwa simu, siku hiyohiyo, na kiwango kimzidi mnunuzi wa skrepa.

Kurudishwa kwa betri hakumalizi kazi, kwa sababu lazima ziende mahali. Hata Marekani, pamoja na amana zake, kiwanda cha kuyeyusha betri cha kampuni ya Exide, huko Vernon karibu na Los Angeles kilifungwa mwaka 2015 baada ya kuchafua kwa risasi udongo wa maelfu ya nyumba. Kwa hiyo kiwanda chochote kitakachopokea betri zetu kijengwe mbali na makazi, na leseni yake isihuishwe mpaka damu ya watoto wa vijiji vya karibu ipimwe kila mwaka, kwa fedha za mfuko huohuo, na majibu yabandikwe hadharani kwenye zahanati na ofisi ya chifu. Owino Uhuru mamlaka hazikuwa za kwanza kupima. Alianza mama mmoja, akiwa tayari na mtoto mgonjwa mikononi.