Ngumi Kwenye Nyama: The Drift ya Scott Walker

Mara ya kwanza kuusikia ule mlio nilidhani ni ngoma iliyolowa maji. Kishindo kizito, kimya, kisha vishindo viwili vya haraka. Kumbe mpiga ala Alasdair Malloy alikuwa studioni akiutwanga ngumi ubavu wa nguruwe, naye mwimbaji Scott Walker akimwelekeza namna ya kupiga.

Habari hiyo ndiyo watu huisimulia kila albamu ya The Drift inapotajwa, na wengi huisimulia kama kituko cha mzee aliyeishiwa. Inaniuma. Wimbo wenyewe, "Clara", una takriban dakika 13 na unamhusu Clara Petacci, hawara wa Mussolini, dikteta wa Italia, aliyepigwa risasi pamoja naye Aprili 1945. Maiti zao zilipelekwa Milan, umati ukazipiga na kuzitemea mate, kisha zikaning'inizwa miguu juu. Sasa hebu fikiria tukio hilo likipigiwa ngoma. Ungejikuta unatikisa kichwa kwa mdundo! Nyama haikupi nafasi hiyo. Unasikia mwili unapigwa, basi.

Na huyu ni mtu aliyekuwa na njia rahisi mbele yake. Mmarekani wa Ohio, aliyevuma Uingereza miaka ya 1960 akiwa na The Walker Brothers, wasichana wakimpigia mayowe kwa ile sauti yake nzito, tamu. Angeweza kuzirudia nyimbo zile za mapenzi mpaka uzeeni na kumbi zikajaa. Yeye akajifungia, akakaa miaka 11 baada ya albamu yake ya Tilt, na mwaka 2006, akiwa na umri wa miaka 63, akatoa hii. Sauti ameikaza, ameipandisha juu, inatetemeka kama ya mtu anayeimba mbolezi peke yake usiku.

Sikushauri uisikilize ukiwa unapika au uko kwenye daladala. Mimi huzima taa.

Nikifika wimbo wa "Jesse" huwa sijiwezi. Elvis Presley alikuwa na pacha, Jesse, aliyezaliwa akiwa amekufa. Walker anamfanya Elvis azungumze na pacha huyo kuhusu minara miwili ya New York iliyoanguka mwaka 2001. Mwishoni ala zote zinanyamaza, inabaki sauti tupu ikirudia, tena na tena, kwamba ni yeye pekee aliyebaki hai.