Pikapu ya Texas haitakusaidia njia ya kupanda Amani

Kila nikipiga simu Tanga, kuna ndugu ataniuliza lini nitampelekea pikapu ya Kimarekani. Wameziona kwenye simu zao: F-150, Silverado, Ram, bodi pana, taa kali, sauti nzito. Nakaa Texas, na huku pikapu ni gari la kila mtu. Zile za Ford za mfululizo wa F zimeongoza mauzo ya pikapu Marekani tangu 1977. Tamaa yao naielewa kabisa. Jibu langu limebaki hapana, na sababu kubwa ni mafuta.

Gari jipya Marekani linauzwa likiwa na karatasi dirishani inayotaja maili kwa galoni, mjini na barabara kuu, kwa utaratibu wa EPA, shirika la serikali linalosimamia mazingira. Galoni yao ni lita 3.785 na maili ni kilomita 1.609, kwa hiyo dereva wa Ngamiani akitaka kuielewa namba ile aizidishe kwa 0.425. F-150 ya 2018 yenye injini ya lita 2.7 ya tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa), isiyo na fowili, ilipewa wastani wa 22, yaani kama kilomita 9.4 kwa lita. Land Cruiser 200 ya petroli, V8 ya lita 5.7 iliyouzwa huku, ilipewa 14 au 15 kulingana na mwaka: kama kilomita 6 tu. Binamu yangu akisikia 9.4 anachangamka. Anasema hiyo inanusa tu mafuta, mbona Land Cruiser ya mkonga ya baba mkubwa haifiki hapo.

Lakini tuangalie namba ile imetoka wapi. Kipimo hufanyika ndani ya jengo, magurudumu yakizunguka juu ya roli. Tangu magari ya mwaka 2008 wameongeza mwendo mkali, kiyoyozi na baridi, na hesabu ikasogea karibu na ukweli. Mzigo wa maana haumo. Injini ndogo ya tabo isipobeba kitu hunywa kama injini ndogo. Ibebeshe, tabo inasukuma hewa nyingi na mafuta yanafuata nyuma yake. Wenzangu wanaovuta matrela ya kulala porini wanajua: namba huweza kushuka hadi nusu. Na kuna jambo linaloniudhi zaidi. Pikapu nzito, kama F-250 na Ram 2500, ambazo uzito wake wa juu unaoruhusiwa pamoja na mzigo unapita pauni 8,500, karibu kilo 3,856, sheria haizilazimishi kubandikwa karatasi hiyo. Zinazokula kuliko zote ndizo zinazouzwa bila namba.

Huku mafuta yanaishia kwenye upepo. Upinzani wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 120, umezidi mara mbili. Ipo barabara ya kulipia, namba 130, kusini mwa Austin, inayoruhusu maili 85, sawa na kilomita 137 kwa saa. Pikapu ndefu, imenyanyuliwa, ina keria na tairi za matope ambazo hazijaona tope, inasukuma ukuta wa hewa siku nzima, na ndani yuko mtu mmoja na kikombe cha kahawa. Ndiyo maana wahandisi wa Marekani wanahangaika na umbo la pua na vizibo vya grili, na Ford wakageuza bodi ya F-150 kuwa ya aluminiamu kwa magari ya 2015. Wanapambana na tatizo la kwao.

Sasa toka Muheza, mkoani Tanga, upande Amani, kule msituni kwenye milima ya Usambara. Lami ukishaiacha, mwendo ni 20, mara 15, na kwenye kona za msituni mvua ikinyesha unashuka kabisa. Upepo hapo hauna kazi. Land Cruiser ya mkonga ina umbo la kabati, Texas ingeadhibiwa, lakini njia ya Amani haimdai dereva hata senti kwa umbo hilo. Mafuta yanakwenda kwenye kupandisha uzito, kwenye gia nzito, kwenye tairi linaloteleza, na zaidi ya yote kwenye saa. Kilomita zinakuwa chache, injini inanguruma muda wote. Kwa njia kama hizo ningependa tuhesabu lita kwa saa, kama inavyofanywa kwa trekta na greda, maana kilomita kwa lita zinamwonea dereva mzuri. Injini ya dizeli ya 1HZ iliyomo kwenye mikonga mingi, lita 4.2, silinda sita, haina tabo, haina papara. Inavuta kutoka chini kabisa ya mzunguko, na dereva wa Muheza anajua kuiacha ijivute bila kukanyaga. Ujuzi wa mguu ule sijauona huku, nasema kwa moyo wangu wote.

Halafu angalia kilichobebwa. Machungwa yakiwa msimu, gari limejaa magunia, juu ya magunia watu, mlangoni kondakta. Lita moja pale imehamisha chakula, mama mjamzito, mwanafunzi, na mdalasini wa mtu. Kilomita 6 kwa lita ukiwa umebeba tani moja ni matumizi bora kuliko kilomita 9 ukiwa peke yako. Karatasi ya dirishani haina mahali pa kuandika hilo.

Kwenye kupima, hata hivyo, tuwaige. Mtu wa huku anajaza tenki, anarudisha kihesabu sifuri, anatembea, anajaza tena na kugawanya. Tanga tunaingia sheli na kusema weka ya elfu ishirini. Bei kikomo ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, inabadilika kila mwezi, kwa hiyo elfu ishirini ya mwezi huu si lita zile za mwezi uliopita, na mtu anaapa gari limeanza kula wakati nozeli za injini hazina kosa lolote. Fundi anafungua, anafunga, analipwa.

Tairi nazo zinadanganya. Ukitoa tairi za inchi 31 ukaweka za 33, kila mzunguko unakwenda mbali zaidi kwa karibu asilimia 6.5, lakini kihesabu hakijui. Kitakuonyesha kilomita pungufu, na utaamini gari limeharibika kuliko lilivyoharibika. Kweli litakula zaidi kidogo, kwa uzito na kwa msuguano, ila pima umbali kwa simu kwanza. Na ukishashuka Muheza, rudisha upepo ulioupunguza kwa ajili ya tope. Wengi wanasahau, wanafika Pongwe na tairi zimelala.

Kwa hiyo, binamu, achana na pikapu ya huku: usukani uko kushoto, kuyapita malori ya Segera ni kubahatisha maisha, na spea za ile tabo utazisubiri. Tafuta Hilux ya dizeli au mkonga uliotunzwa. Kabla hujalipa, muombe mwenye gari mjaze tenki Kange mpaka pampu ijikate, mpande Amani na mzigo wa kawaida, mrudi mjaze pampu ileile, gari likiwa limeelekea upande uleule ili tenki lisilale tofauti. Andika lita, kilomita, saa na kilo. Nitumie zote nne, na usinifichie ya kilo.