Ulifuata nini geto?

Swali hilo nilianza kulisikia mwaka 2009, nikiwa nimesimama mlangoni mwa ofisi ya mshauri wa wanafunzi, chuo kimoja hapo Mwanza. Aliyeulizwa ni rafiki yangu tuliyelala chumba kimoja hosteli. Usiku kucha alikuwa amelia. Mama aliyekaa nyuma ya meza hakuwa mkatili, alimpa hata maji ya kunywa, lakini la kwanza kutoka kinywani mwake lilikuwa hilo: ulifuata nini geto kwa mwanaume saa tatu usiku? Alifuata noti za mtihani. La pili: ulipiga kelele? Hakupiga. La tatu halikuwepo. Tukarudi hosteli kwa miguu, jua la saa nane linachoma juu ya mawe, hatukusemezana njia nzima.

Leo naishi California, mwaka wa kumi huu, na nafanya kazi kwenye mabweni ya chuo kikuu. Mwanafunzi akinieleza jambo kama lile siruhusiwi kukaa nalo, lazima nilifikishe ofisi inayohusika. Huko swali linageuzwa. Anayetakiwa kujibu ni mwenye geto: ulijuaje kwamba ameridhia?

Kuuliza hivyo kumetokana na sheria aliyoitia saini Gavana Jerry Brown mwaka 2014. Inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za jimbo kwa ajili ya misaada ya wanafunzi viwe na kipimo kimoja: ridhaa ya kujamiiana ni makubaliano ya wazi, ya hiari, ya mtu mwenye fahamu zake, na lazima yawepo mpaka mwisho. Akibadili mawazo katikati, imekwisha. Kunyamaza si ridhaa, na kutopigana si ridhaa.

Kiswahili chetu kinalijua hili kuliko tunavyokiri. Ridhaa na radhi ni neno moja kwa asili. Aliyeridhia yuko radhi, moyo wake umetulia. Lakini tunao pia msemo wa "nikakubali yaishe", na kila mwanamke anayesoma hapa anajua maana yake. Rafiki yangu alikubali yaishe. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo na ufunguo haukuwa mkononi mwake.

Sasa nisije nikaonekana nimehamia peponi. Sheria ile ilipotoka tu, wanasheria wenyewe wa Marekani waligawanyika. Oktoba 2014 maprofesa 28 wa sheria wa Harvard walichapisha tamko katika gazeti la Boston Globe kupinga utaratibu mpya wa chuo chao wa kushughulikia malalamiko ya ngono. Miongoni mwao walikuwemo Janet Halley na Nancy Gertner, jaji mstaafu wa mahakama ya shirikisho, wanawake waliopigania haki za wanawake miaka mingi. Malalamiko yao: ofisi ileile inachunguza, inashtaki na kuamua, na anayetuhumiwa hana msaada wa maana wa kujitetea. Miaka miwili baadaye taasisi kubwa ya wanasheria wa nchi ile, inayoandaa kanuni za mfano za sheria ya jinai, ilipiga kura na wanachama wakakataa kuiingiza ridhaa ya namna hiyo katika makosa ya jinai. Hofu ya wengi ilikuwa kwamba mshtakiwa ataachiwa yeye kuthibitisha kuwa aliambiwa ndiyo, wakati mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka. Kanuni za serikali kuu kuhusu malalamiko haya vyuoni nazo zimepinduliwa mara kadhaa tangu 2011, kila rais na zake.

Nilikuwa nawaona maprofesa wale kama wasaliti. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyenirudisha nyuma. Anasoma sheria mwaka wa tatu hapo Mwanza, na tukiongea kwa simu Jumapili haachi kunisomea vifungu.

"Dada, unajua sheria yetu haidai majeraha?"

Sikujua. Akanisomea kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kilivyoandikwa upya na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998: dalili za kupambana, mfano majeraha mwilini, si lazima ili kuthibitisha kwamba hapakuwa na ridhaa. Akaniongezea kesi ya Selemani Makumba, ambamo mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kweli wa kosa hili hutoka kwa aliyetendewa mwenyewe. Nilikaa kitako. Kumbe lile swali la kelele lilikuwa limekosa mguu wa kisheria miaka 11 kabla rafiki yangu hajaulizwa.

Basi kilichokwama ni nini? Mimi nasema ni miaka 30. Ndiyo adhabu ya chini kabisa ya kubaka mtu mzima kwetu, na watu wanaisoma kama uzito wa kujali, ilhali mimi niliiona ikifunga midomo. Wazazi wa yule kijana walikuja kutoka Sengerema na mchungaji wao. Mama mzazi wa rafiki yangu, mwenyewe, alisema mtoto wa watu ataozea gerezani na wewe uko hai, unatembea. Chuo hakikutaka kutajwa polisi. PF3, fomu ya polisi ya kwendea hospitali, haikuchukuliwa. Kati ya miaka 30 na kunyamaza hapakuwa na kitu chochote, na watu wote wazima waliokaa kile kikao wakachagua kunyamaza. Kijana akaendelea kukaa darasa moja naye mpaka wakamaliza.

Hapo ndipo naitamani California, kwenye kile cha katikati. Chuo hakimfungi mtu. Kinaweza kumhamisha bweni wiki hiyohiyo, kumbadilishia darasa, kumsimamisha, kumfukuza, kwa kuangalia ushahidi wa upande upi una uzito zaidi. Sweden walikwenda mbali zaidi: tangu Julai 2018 ridhaa imo ndani ya sheria yao ya jinai, lakini waliweka na ngazi, kosa dogo la asiyejali kama mwenzake ameridhia, adhabu yake haizidi miaka minne. Kuichukua ridhaa ya California na kuibandika juu ya miaka 30 yetu mimi naikataa. Hakimu ataogopa, ukoo utaogopa zaidi. Ianzie chuoni, kwenye kanuni za wanafunzi na za wafanyakazi, na anayetuhumiwa asikilizwe na watu ambao si waliomchunguza. Kwa hilo Halley na wenzake wamenishinda.

Na wahadhiri wasisahauliwe. Sheria ya kuzuia rushwa ya 2007 inataja rushwa ya ngono katika kifungu cha 25, faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Msichana anayeitwa ofisini "kujadili sapu", yaani mtihani wa marudio, naye hukubali yaishe. Mwaka 2024 lilipoletwa pendekezo la kumtia hatiani na anayetoa rushwa hiyo, nilishindwa kula siku ile.

Vyuo vingi nyumbani sasa vina dawati la jinsia, jambo ambalo sisi hatukuwa nalo. Mdogo wangu amepewa na serikali ya wanafunzi kazi ya kupendekeza maswali ambayo dawati lao litamuuliza anayekuja kulalamika. Amenitumia rasimu mara tatu. La kwanza tumeshaelewana: uko salama kulala ulipo usiku wa leo? La pili bado tunalibishania.